Orodha ya Usiku na Ulimi wa Kejeli: Uhakiki wa Gazeti la Wiki la Mjini Marekani

Wahakiki wa fasihi hawana desturi ya kuzisoma orodha za ngoma za usiku. Orodha huhesabiwa kuwa ni tangazo tu: jina la ukumbi, saa ya kuanza, kiingilio, basi. Asubuhi yake hufungiwa samaki. Wala hawana desturi ya kuyashughulikia maandishi ya kuwacheka wagombea, kwa kuwa kejeli ya uchaguzi huonekana ni mali ya msimu. Kura zikishahesabiwa, nayo imekwisha kazi. Hata hivyo, iko nchi moja ambako vitu viwili hivi viliishi chini ya paa moja kwa zaidi ya nusu karne, na katika kuishi kwao pamoja vikazaa utanzu wa uandishi wenye fani yake, maadili yake na maradhi yake. Nchi hiyo ni Marekani, na utanzu wenyewe ni gazeti la wiki la mjini, lile ambalo Wamarekani hulipa jina la gazeti mbadala.

Wengi walioliandika gazeti hilo wameisifu kejeli na kuisahau orodha. Wameukumbuka ulimi mkali uliomchambua mgombea wa Kongresi, wakazichukulia kurasa za nyuma, zenye majina ya bendi na baa, kuwa ni gharama ya uchapaji iliyobidi kuvumiliwa. Makala haya yanashika rai iliyo kinyume: orodha ndiyo iliyoipa kejeli uzito wake, na orodha ilipoondoka, kejeli ilibaki na makali lakini ikapoteza mahali pa kusimama.

CHIMBUKO

Mwezi Oktoba 1955, katika mtaa wa Greenwich Village mjini New York, Dan Wolf, Ed Fancher na mwandishi wa riwaya Norman Mailer walianzisha The Village Voice. Mtaa huo ulikuwa wa washairi, wachoraji na wapigaji wa jazi, na gazeti lilikuwa la mtaa kabla ya kuwa la mji. Mwaka 1971 vijana wachache wa Chicago wakatoa Chicago Reader na kuligawa bure katika maduka na vilabu, wakitegemea matangazo ya biashara ndogo ndogo. Septemba 1981 ikafuata The Austin Chronicle katika mji mkuu wa Texas, miezi minane tu baada ya kufungwa kwa Armadillo World Headquarters, ukumbi uliokuwa kitovu cha muziki wa mji huo tangu 1970.

Uchumi wa magazeti haya ulikuwa mwepesi kuuelewa. Mwenye baa alihitaji watu Alhamisi usiku. Gazeti lilihitaji fedha za karatasi na wino. Msomaji alihitaji kujua pa kwenda. Gazeti kubwa la kila siku lilitegemea maduka makubwa, wauza magari na urafiki wa wakubwa wa mji. Gazeti la wiki lilimtegemea mwenye baa, naye hakujali hata kidogo mbunge amesemwa vipi katika ukurasa wa tatu, maadamu ukurasa wa arubaini umeeleza sawasawa saa ya bendi yake kupanda jukwaani. Uhuru wa ulimi ulinunuliwa kwa fedha hizo ndogo ndogo.

FANI YA ORODHA

Sifa ya kwanza ya orodha ni kuwa haivumilii uongo. Mwandishi wa siasa anaweza kukosea nia ya mgombea na miaka ikapita bila ya mtu kumshika. Mwandishi wa orodha akikosea saa, wasomaji mia watasimama usiku huo huo mbele ya mlango uliofungwa, na kila mmoja wao anajua ni nani aliyemdanganya. Kwa hivyo gazeti la wiki lilikuwa likifanyiwa mtihani kila Ijumaa na kila Jumamosi, na uaminifu huo mdogo mdogo ukawa akiba. Mtu aliyekuta bendi ipo kweli, kiingilio ni kile kile kilichoandikwa, na muziki ni mbaya kama alivyoonywa, alikuwa tayari kumsikiliza mwandishi yule yule, au jirani yake wa meza, anapomweleza kuwa mgombea fulani ni debe tupu.

Sifa ya pili ni ufupi. Mwandishi wa orodha alipewa mstari mmoja au miwili kuihukumu bendi: inapiga nini, inapiga vipi, inafaa kusikilizwa na nani. Hapo alijifunza kazi ambayo mshairi huijua, ya kulibebesha neno moja mzigo wa maneno kumi. Magazeti haya yalipochapisha mapendekezo ya kura, ambayo wasomaji wengi huyakata na kwenda nayo kituoni, yalitumia kalamu hiyo hiyo. Mgombea alipimwa kama bendi ngeni: amekuja na nini, na je, anastahili kiingilio? Gazeti la The Stranger la Seattle, lililoanzishwa mwaka 1991, liliipa jopo lake la wapendekezaji jina kubwa la Bodi ya Kudhibiti Uchaguzi. Jina hilo ni kejeli tosha, kwani linawacheka wakuu wanaopenda vyeo virefu, na linalicheka gazeti lenyewe kwa kujitia kuwa lina amri.

Sifa ya tatu ni usawa. Orodha hupangwa kwa alfabeti au kwa siku, na alfabeti haimjui bwana wala mtwana. Mjini Austin, Antone's, klabu ya bluzi iliyofunguliwa mwaka 1975, ilisimama katika safu moja na Broken Spoke, ukumbi wa dansi za muziki wa kantri tangu 1964, na zote mbili zikakaa jirani na kichochoro chenye meza sita na mpiga gitaa asiyejulikana. Msomaji aliyezoea kuutazama mji namna hiyo hakuona ajabu kumwona mbunge amepangwa katika safu moja na watu wengine na kuulizwa maswali ya watu wengine.

KEJELI NA MLENGWA WAKE

Msomaji wa visiwani hahitaji kufundishwa kuwa kijembe hakikati ila kikimkuta mwenyewe. Katika ukumbi wa taarabu, mwanamke anayenyanyuka kwenda kutunza katikati ya ubeti huwa ametamka jambo zito bila ya kufungua mdomo, na uzito wake unatokana na kuwa anayekusudiwa yumo ukumbini, na waliobaki wanajua ni nani. Kijembe hicho hicho kikipelekwa mji wa mbali ambako hapana anayemjua yeyote, hubaki kuwa wimbo tu. Kanuni hii ndiyo iliyofanya kazi katika gazeti la wiki la Marekani.

Voice ya miaka ya mwanzo ilipiga vita ukiritimba wa Carmine De Sapio, kigogo wa chama cha Democratic mjini New York. De Sapio alikuwa mkaazi wa Greenwich Village. Aliowachekesha wasomaji kwa habari zake walipita naye njia moja, na waliosoma ndio waliokuwa na kura ya kumwondoa. Mwaka 1963 wakili kijana wa mtaa huo, Ed Koch, alimshinda katika uongozi wa chama wa eneo lao. Mwaka 1968 Koch akachaguliwa kuingia Kongresi, na mwaka 1977 akachaguliwa kuwa meya wa mji mzima. Gazeti peke yake halikuifanya kazi hiyo, lakini liliifanya kazi ambayo gazeti linaiweza: lilimfanya mtu aliyeogopwa awe mtu wa kuchekwa, na anayechekwa na majirani zake hupungua kimo.

Mfano wa pili unatoka Texas. Molly Ivins, aliyekuwa mhariri mwenza wa Texas Observer mjini Austin kuanzia 1970 hadi 1976, aliandika baadaye katika gazeti la kila siku la Dallas kuhusu mbunge mmoja wa Kongresi wa mji huo. Alidokeza kuwa akili ya mheshimiwa ikizidi kushuka itabidi amwagiliwe maji mara mbili kwa siku, kama mche wa bustanini. Wasomaji walighadhibika. Gazeti, badala ya kuomba radhi, likabandika mabango mjini yakiuliza kama kweli Molly Ivins anaruhusiwa kusema hayo, na swali hilo likawa jina la kitabu chake cha mwaka 1991. Ivins, aliyefariki Januari 2007, alikuwa na mpaka aliouchunga: kejeli ni silaha ya mnyonge dhidi ya mwenye nguvu, na anayemwelekezea mnyonge huwa amefanya ukatili. Mpaka huo ni kipimo kizuri cha kuupimia utanzu mzima.

Wala isidhaniwe kuwa mzaha uliyanyima magazeti haya uzito. Mwaka 2000 Mark Schoofs wa Voice alipata tuzo ya Pulitzer kwa mfululizo wa makala kuhusu UKIMWI barani Afrika. Mwaka 2005 Willamette Week ya Portland, gazeti lenye orodha ya baa kama wenzake, ilipata tuzo hiyo kwa kufichua kuwa gavana wa zamani wa Oregon, Neil Goldschmidt, alikuwa amemdhulumu kijinsia msichana mdogo, siri iliyofichwa kwa miaka mingi katika mji ambao wakubwa wake wengi walikuwa rafiki zake.

AUSTIN, MJI ULIOKATWA

Uhusiano wa orodha na kejeli haukuonekana wazi popote kama ulivyoonekana Austin kuanzia mwaka 2003. Mji huu uliijenga haiba yake juu ya usiku. Mwaka 1987 watu wa Chronicle walishiriki kuanzisha tamasha la South by Southwest. Mwaka 1991 baraza la mji likautangaza Austin kuwa mji mkuu wa muziki wa jukwaani duniani. Kwa siasa, ni mji wa Wademokrat ndani ya jimbo linalotawaliwa na chama cha Republican.

Mwaka 2003 Tom DeLay, mbunge wa Texas na kiongozi wa Republican katika Kongresi, alisukuma mipaka ya wilaya za uchaguzi ichorwe upya katikati ya muongo, pasipo sensa mpya. Mwezi Mei wabunge 51 wa Democratic wa Bunge la Texas walikimbilia Ardmore, Oklahoma, ili akidi isitimie, na polisi wa Texas hawakuwa na mamlaka ya kuwakamata ng'ambo ya mpaka. Mwanamuziki Willie Nelson akawapelekea vitambaa vyekundu na wiski. Baadaye maseneta 11 wakakimbilia Albuquerque, New Mexico. Yote hayo yalichelewesha tu; Oktoba ramani ikapita.

Ramani hiyo iliikata kaunti ya Travis, yenye mji wa Austin, katika wilaya tatu. Moja ilianzia mjini ikaenda mashariki hadi viunga vya Houston. Nyingine ilishuka kusini kwa zaidi ya kilomita 400 hadi mpaka wa Mexico. Ya tatu ilielekea San Antonio. Mtu aliyetoka klabu moja kwenda nyingine usiku mmoja aliweza kuvuka mpaka wa wilaya ya uchaguzi bila ya kumaliza sigara yake.

Hapa mhakiki anaona jambo. Kila Alhamisi Chronicle lilitoa ramani ya mji: kumbi zake, njia zake, watu wake wanaokutana. DeLay naye alikuwa ametoa ramani yake, ambayo ndani yake mji huo haukuwapo, yalikuwapo mapande matatu yaliyoshonewa nguo za watu wengine. Ramani mbili zilishindana, na mwandishi wa kejeli hakuhitaji tusi. Ilitosha kuyataja majina ya miji iliyofungwa pamoja, moja baada ya moja, kama anavyotaja kumbi, na upuuzi ukajieleza wenyewe. Hiyo ndiyo kejeli ya juu kabisa, ile ambayo mwandishi hajitokezi na ukweli ndio unaochekesha.

Lakini ukweli huo ulikuwa mchungu pia. Katika uchaguzi wa 2004, wilaya ya kumi, iliyobeba sehemu ya Austin, haikuwa na mgombea wa Democratic katika orodha iliyochapishwa. Profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Texas, Lorenzo Sadun, alijitokeza akiwaomba wapiga kura waliandike jina lake kwa mkono wao wenyewe. Alishindwa vibaya, na Michael McCaul wa Republican akapita. Kwa wakaazi wa mitaa hiyo, kura ilikuwa imegeuzwa fumbo la kukariri. Katika hali kama hiyo gazeti linaloeleza nani yuko wapi, saa ngapi na kwa bei gani halikuwa likifanya mzaha. Lilikuwa likimpa raia habari ambayo dola ilikuwa imeifanya ngumu kuipata.

KASORO

Sifa hizo zisimfumbe mtu macho. Kasoro ya kwanza ni kicheko kilichochukua nafasi ya kitendo. Ramani ilichekwa sana, na ramani ikabaki: katika uchaguzi wa 2004 Republican walitoka viti 15 vya Texas hadi 21 kati ya 32. Mwaka 2012 Travis iligawiwa wilaya tano. DeLay alijiuzulu ubunge mwaka 2006 kwa sababu ya mashtaka, na si kwa sababu ya vichekesho. Aliyecheka vizuri huenda akalala akidhani amepigana.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kutowaona walio nje ya orodha. Wilaya ile ndefu iliyokwenda hadi mpakani ilikaliwa kwa wingi na watu wenye asili ya Mexico, wengi wao mafukara, katika Bonde la Rio Grande. Mbunge mkongwe wa Austin, Lloyd Doggett, aliihamia wilaya hiyo, na katika kura za mchujo za 2004 akamshinda Leticia Hinojosa, jaji wa zamani kutoka Bondeni. Austin ilifurahi kuwa imemponyoka DeLay. Ukitazama kutoka upande wa kusini, mtu wa mjini alikuwa amechukua tena kiti ambacho watu wa Bonde walitumaini kingekuwa chao. Kuicheka sura ya ramani, urefu wake na wembamba wake, ilikuwa rahisi kwa aliyesimama upande wa kaskazini. Bonde halikuwa na safu katika kurasa za burudani za Austin, na mtu asiyekuwamo katika orodha ni rahisi kusahauliwa katika kejeli pia. Kwa kipimo cha Ivins, hapa ulimi haukumpiga mnyonge, lakini haukumsemea.

Kasoro ya tatu inahusu fedha. Gazeti lililomcheka kila mkubwa halikumcheka sana aliyelilipa. Ulevi, kelele na kodi zilizopanda kwa sababu ya umaarufu wa usiku vilipata nafasi finyu kuliko dhambi za wabunge. Uharibifu mkubwa ulitokea pale kampuni iliyomiliki magazeti ya namna hii, na ambayo baadaye iliimiliki Village Voice pia, ilipoanzisha Backpage mwaka 2004. Hapo matangazo ya kurasa za nyuma yaligeuka biashara ya ngono iliyowanasa hata watoto. Magazeti yalitenganishwa na biashara hiyo mwaka 2012, na Aprili 2018 serikali ya Marekani ikaifunga. Orodha iliyokuwa shule ya ukweli ilikuwa imepata pacha mwenye kuficha.

Kasoro ya nne ni mcheshi anapoingia ulingoni mwenyewe. Mailer aligombea umeya wa New York mwaka 1969 akitaka mji uwe jimbo la 51 la Marekani, hakufika popote. Mwaka 2006 Kinky Friedman, mwanamuziki na mwandishi wa riwaya za upelelezi, aligombea ugavana wa Texas kwa misemo ya kuchekesha na kupata takriban asilimia 12 ya kura. Rick Perry alirudi madarakani kwa asilimia 39 tu, kura za waliomkataa zikiwa zimetawanyika kwa wapinzani kadhaa. Mwenye kijembe akishakuwa mgombea hana tena wa kumchoma, kwani yeye naye anaomba kura kama wengine.

TAMATI

Magazeti haya yalianza kudhoofika matangazo madogo ya nyumba, kazi na wachumba yalipohamia Craigslist, iliyozaliwa San Francisco mwaka 1995. Zamani, Jumanne usiku, watu wa New York walipanga foleni Astor Place wapate nakala za kwanza za Voice kwa ajili ya matangazo ya nyumba za kupanga. Foleni hiyo ilipokwisha, na mapato yalikwisha. Boston Phoenix ilifungwa mwaka 2013, San Francisco Bay Guardian 2014, Baltimore City Paper 2017. Voice iliacha kuchapishwa kwenye karatasi Septemba 2017, ikafungwa Agosti 2018, kisha ikafufuliwa mwaka 2021 kwa umbo dogo zaidi. Jimboni Texas mipaka haikutulia: mwaka 2025 Bunge la jimbo liliichora tena, katikati ya muongo kama mwaka 2003.

Kejeli haikufa. Imeenea kuliko wakati mwingine wowote, na mgombea wa Kongresi wa Texas anaweza kuchekwa usiku mmoja na mamilioni ya watu. Wengi wao, hata hivyo, hawana kura katika wilaya yake, hawatakutana naye barabarani, na hawajui jina la anayegombea kwao wenyewe. Kicheko hicho kinamtajirisha mchekeshaji na pengine mchekwaji pia, maana anayechekwa na wageni huweza kuwaambia majirani zake kuwa wao wote wametukanwa, akaongeza kura. De Sapio hakuwa na njia hiyo ya kuponea. Waliomcheka ndio waliokuwa majirani zake.

Kwa hiyo hasara iliyotokea haikuwa ya ucheshi, wala hasa ya gazeti la karatasi. Kilichopotea ni ule ukurasa wa arubaini: kazi ya unyonge ya kupiga simu kila ukumbi, kuuliza saa, kuhakikisha bei, kuandika jina la mpiga gitaa bila ya kulikosea. Mwandishi aliyeifanya kazi hiyo wiki hata wiki alikuwa ameujua mji wake mlango kwa mlango, na alipomgeukia mgombea alimjua naye kwa kiasi hicho. Anayetaka kuurudisha utanzu huu, popote alipo, ataanza kwa kuuliza nani anapiga leo usiku, wapi, na mlango unafunguliwa saa ngapi.